Injini ya gari kongwe yataka stendi, si tairi kuukuu na matofali mawili

Ukipita kwenye gereji zetu za Pwani, kuanzia Shimanzi na Changamwe hadi Kisauni na Malindi, hutakosa kuona winchi ya mnyororo ya kutolea injini. Pasipo na winchi, kuna mwembe wenye tawi nene. Kwa hivyo kuitoa injini garini si taabu yetu. Taabu huanza dakika tano baadaye: ikishatoka, yawekwa wapi? Mara nyingi jibu ni tairi kuukuu lililolazwa chini, au matofali mawili na kipande cha ubao, au gunia juu ya mchanga. Hapo fundi huchutama siku kadhaa, na kila akitaka kuona upande wa chini huita vijana wawili waje na mtaimbo waipindue.

Kazi yangu ni kufungua injini za magari ya zamani, na leo nataka kuzungumza na wenzangu wa gereji, pamoja na wenye magari hayo, juu ya kifaa kimoja tu: stendi ya injini. Wengi hukiona kuwa ni anasa. Mimi nasema hicho ndicho kinachoamua kama fundi atarudi nyumbani na vidole vyake kumi, na kama injini isiyo na mbadala itarudi garini ikiwa nzima.

Kwa nini gari la zamani hasa

Gari la kisasa likiharibika bloku, mwenyewe hununua injini iliyotumika, iliyoshushwa bandarini kutoka Japani, akaifunga na mambo yakaisha. Gari la zamani halina njia hiyo rahisi. Kanuni za Kenya kwa kawaida haziruhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Kwa hivyo Peugeot 404 na 504, Volkswagen Beetle, Datsun na Land Rover za zamani tulizo nazo nchini ndizo hizo hizo, zikipungua hazijazwi.

Na haya si vyuma chakavu tu. Beetle ilishinda Safari Rally mwaka 1954. Peugeot 404 ilishinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo. Shekhar Mehta, aliyeshinda mara 5, alianza kwa Datsun 240Z mwaka 1973. Na wazee wetu wazikumbuka Peugeot za abiria za safari ndefu, kabla matatu za Nissan hazijajaa barabarani. Bloku ya gari la namna hiyo ikianguka na kuvunjika sikio la kufungia giaboksi, hata mwenye pesa atazunguka nchi nzima akitafuta nyingine.

Stendi ni nini

Stendi ni nguzo ya chuma iliyosimama juu ya miguu yenye magurudumu madogo. Juu ya nguzo pana bomba nene lililolala. Ndani ya bomba hilo huingia shafti yenye bamba mbele yake, na bamba lina mikono minne inayosogezwa. Mikono hiyo hufungwa kwa bolti nyuma ya bloku, katika matundu yale yale yaliyokuwa yameshika giaboksi. Injini hubaki ikielea mbele ya nguzo bila kugusa chini, na ukichomoa pini waweza kuigeuza utakavyo: sampu juu, ubavu, kisha wima tena. Mtu mmoja hufanya kazi ya watatu, tena amesimama wima.

Lakini shika neno hili, maana yote yafuatayo yatokana nalo: injini hushikwa upande mmoja tu. Ni kama mtu aliyenyoosha mkono akashika ndoo ya maji. Ndoo ikiwa karibu na kifua haina neno. Ndoo ile ile akiinyoosha mbali, bega lalia.

Usiangalie kilo peke yake

Stendi za dukani huandikwa uwezo wake. Za kawaida ni za pauni 750, 1,000, 1,250, 1,500 au 2,000, yaani takriban kilo 340, 450, 570, 680 na 900. Injini ya Beetle ni kilo mia na kitu. Injini nyingi za silinda 4 zenye bloku ya chuma huwa baina ya kilo 130 na 200. Silinda 6 ndefu, kama za Land Cruiser za zamani, hukaribia kilo 300 au kuzipita. Mtu akisoma hesabu hiyo huona kwamba stendi ndogo kabisa yamtosha kwa kila kitu.

Sasa rudi kwenye ndoo. Chukua injini mbili, kila moja kilo 200. Ya kwanza ni fupi, na uzito wake umekutana sentimita 30 kutoka kwenye bamba. Ya pili ni ndefu, na uzito wake umekutana sentimita 50. Kwenye mizani ziko sawa. Kwenye nguzo, ya pili yavuta kwa nguvu iliyozidi ya kwanza kwa theluthi mbili. Ndiyo maana waweza kuona stendi iliyobeba Datsun miaka mingi bila kulalamika, siku ikifungwa silinda 6 ndefu inainama mbele kama mtu anayetafuta sarafu chini.

Kanuni yangu ni nyepesi. Pima au kadiria uzito wa injini ikiwa kamili, kisha chukua stendi yenye uwezo usiopungua mara mbili ya uzito huo. Kwa silinda 4 za kawaida, stendi ya kilo 450 yatosha. Kwa silinda 6 za mstari na dizeli nzito, anza kilo 680, na chini ya pua ya injini weka kigogo au jeki ya kusimamisha kila unapoiacha.

Magurudumu matatu au manne

Stendi rahisi huwa na magurudumu matatu: mawili nyuma na moja mbele, miguu ikifanana na herufi T. Zilizo bora zina manne, miguu miwili ikinyooka mbele. Ya magurudumu matatu ikiwa imetulia mahali pamoja hubeba vizuri. Shida yake ni pale inaposukumwa. Gurudumu moja la mbele likikutana na ufa wa saruji au nati iliyoanguka, stendi hukwama ghafla, na injini iliyo juu haina habari ya kukwama. Hutaka kuendelea na safari, au kulala ubavu.

Nilishuhudia hivyo katika gereji moja hapa mjini. Dizeli ilipinduka na stendi yake wakati ikihamishwa kivulini. Kijana aliyekuwa akiisukuma alinusurika kwa sababu alikuwa nyuma. Angekuwa pembeni akiishika kwa mkono, tungekuwa tunazungumza mengine.

Kwa hivyo chagua magurudumu manne. Hakikisha miguu ya mbele ni mirefu kuipita pua ya injini, na kwamba magurudumu ni ya chuma au ya plastiki ngumu na angalau mawili yana breki. Tena uchukulie magurudumu hayo kuwa ni ya kusogeza hatua moja mbili ndani ya gereji, si ya safari. Ikibidi injini ivuke ua, itoe kwenye stendi uibebe kwa kreni ikiwa chini chini, karibu na ardhi. Na kama sakafu yako ni mchanga, stendi haina mahali. Mwaga saruji pembe moja tu ya gereji, mita 2 kwa 3, na hiyo iwe sehemu yako ya injini.

Kabla ya kuifunga

Mwaga oili na maji yote. Kisha, injini ikiwa bado yaning'inia kwenye kreni, toa klachi na flaiwili. Wengi hulisahau hili, na wakishafunga bamba hugundua kwamba flaiwili iko nyuma yake na haifikiki. Kwa sababu hiyo hiyo, wakati wa kurudisha, flaiwili na kwa kawaida sili ya nyuma ya kranki pia huja mwisho, injini ikishatoka kwenye stendi.

Chomoa shafti na bamba lake kutoka kwenye nguzo. Lifunge bamba kwenye injini ikiwa hewani, wala usiisukume injini kuifuata stendi. Legeza mikono minne, iache kila mmoja utafute tundu lake, na uchague matundu manne yaliyo mbalimbali kadiri iwezekanavyo: mawili juu, mawili chini. Kaza bolti za bloku kwanza, kisha za mikono. Hapo ndipo unapoisogeza stendi, ukaingiza shafti yenye grisi ndani ya bomba, ukatia pini. Shusha kreni kidogo kidogo ukitazama. Mnyororo ukilegea, ngoja. Tazama nguzo, tazama bolti, kisha ndipo uuondoe.

Bolti nne ndizo zinazobeba

Stendi ya bei yoyote ile haizidi bolti zake. Injini nzima imeshikwa na bolti nne, na mara nyingi hizo huokotwa kwenye kopo la vikorokoro. Nunua seti maalumu uiweke na stendi. Tazama kichwa cha bolti: pawe na alama ya 8.8 au 10.9. Bolti isiyo na alama usiitumie. Weka washa nene kila upande.

Urefu nao una hesabu yake. Kwenye bloku ya chuma, bolti iingie angalau mara moja na nusu ya unene wake; kwenye bloku ya aluminiamu, mara mbili. Bolti ya milimita 10 yenye uzi wa milimita 1.5 basi yataka kuingia milimita 15 kwenye chuma, yaani mizunguko 10 kamili, na milimita 20 kwenye aluminiamu, yaani mizunguko 13 na zaidi. Ihesabu kwa vidole kabla ya kukaza kwa spana. Ikikaza katika mzunguko wa tatu, hiyo si bolti yake.

Hapa wenye Land Rover na magari mengine ya Kiingereza ya zamani wawe macho. Mengi ya magari hayo hutumia uzi wa inchi. Bolti ya milimita 10 na ya inchi 3/8 zakaribiana kwa unene, na moja yaweza kuingia kidogo kwenye tundu la mwenzake kisha ikakwama. Ukiilazimisha umeharibu tundu la bloku, na kazi iliyokuwa ya gaskiti imekuwa kazi ya kutoboa na kutia uzi upya.

Injini isikupige mkono

Injini ina mahali uzito wake unapokutana. Mahali hapo pakilingana na shafti ya stendi, injini hugeuka kwa mkono mmoja. Pakiwa juu ya shafti, siku utakayochomoa pini injini itajipindua yenyewe na ile fimbo ya kugeuzia itakufuata. Kwa injini nyingi za mstari, ukilifunga bamba kiasi cha shafti kuwa juu kidogo ya kitovu cha kranki, unakuwa karibu na usawa.

Ijaribu kabla ya kuondoa kreni. Mnyororo ukiwa umelegea kidogo, shika fimbo, chomoa pini, ugeuze kidogo tu. Ikikuvuta kwa nguvu upande mmoja, rudisha pini, inua, upange mikono upya. Tena kumbuka kwamba usawa hubadilika kila unapotoa kitu kizito. Ukishatoa silinda hedi, injini uliyoizoea asubuhi si ile ya alasiri. Mkono mmoja uwe kwenye fimbo kila mara kabla ule wa pili haujagusa pini. Stendi zenye gia ya kugeuza kwa mpini huondoa hatari hii kabisa. Ukiweza kuongeza pesa mahali, ziongeze hapo.

Kila injini na tabia yake

Peugeot 404 na 504 zataka tahadhari ya peke yake. Injini zake za petroli zina slivu za maji, yaani slivu iliyotumbukizwa ndani ya bloku, maji yakiigusa kwa nje. Kinachoikandamiza slivu hiyo isitoke ni silinda hedi. Ukishaitoa hedi, slivu imekaa tu. Sasa stendi yakupa urahisi wa kuipindua injini juu chini, na urahisi huo ndio mtego. Ukiipindua, au hata ukizungusha kranki pistoni zikapanda, slivu yaweza kusogea na kuachana na gaskiti yake ya chini. Utaifunga injini vizuri, itawaka vizuri, na baada ya siku chache utakuta maji kwenye oili.

Dawa yake ni ndogo. Mara tu hedi inapotoka, chukua bolti fupi na washa pana na nene, uzifunge kwenye matundu ya bolti za hedi ili washa zikandamize ukingo wa kila slivu, bila kuingia kwenye njia ya pistoni. Ziache hapo mpaka siku ya kurudisha hedi. Kama slivu zenyewe zitabadilishwa, huna haja, ila uzitoe kabla ya kupindua, zisije zikaanguka.

Beetle ni kisa kingine. Bloku yake ni nusu mbili zilizoshikana katikati, na kranki imelala baina yao. Ukiifunga kwa mikono minne ya stendi ya kawaida, umezishika nusu zote mbili, kwa hivyo huwezi kuzitenganisha. Kwa kazi ndogo za nje haina neno. Kwa kufungua yote, tumia kishikizo maalumu cha injini hizo, ambacho hushika nusu moja tu na nyingine ikatoka juu yake. Injini yenyewe ni nyepesi, na kishikizo hicho chaweza hata kufungwa kwenye meza imara ya kazi.

Hewa yetu na chuma

Stendi huifanya injini iwe wazi pande zote, na hapa kwetu jambo hilo lina gharama. Upepo wa bahari, uwe kusi au kaskazi, huja na chumvi na unyevu. Silinda iliyofutwa ikang'aa jioni yaweza kuamka na rangi ya kutu. Kila ukimaliza kazi, paka oili safi ndani ya silinda, kwenye kranki na kila uso uliosuguliwa. Ziba matundu ya maji na oili kwa vitambaa safi, uvihesabu ili vyote vitoke siku ya kufunga. Kisha funika injini kwa mfuko mkubwa. Mfuko bila oili haufai, kwani hufungia unyevu ndani. Stendi nayo ipake rangi, na grisi isikauke kwenye shafti.

Ya kuchomelea hapa hapa

Si lazima iwe ya dukani. Mafundi wetu wa kuchomelea waweza kuunda stendi nzuri kuliko nyingi zinazouzwa, mradi wapewe vipimo. Mimi huagiza nguzo ya bomba la mraba la milimita 75, unene wa milimita 5, iegemee nyuma kidogo, na pembe ya chini ichomelewe vibamba vya pembetatu pande zote mbili. Bomba la juu lielekee juu kidogo sana, kwani litashuka likipata mzigo.

Kisha ijaribu kabla ya kuiamini. Funga chuma kirefu kwenye bamba, na umbali wa sentimita 50 tundika mifuko ya saruji ya kilo 50 mmoja mmoja. Kwa injini ya kilo 200, nenda hadi mifuko 6, yaani kilo 300. Weka magogo chini ya mzigo, ukibakisha vidole vitatu tu, ili ikishindwa isianguke mbali. Pima kwa futi urefu wa ncha kutoka chini kabla, wakati wa mzigo, na baada ya kuutoa. Chuma kuinama kidogo na kurudi ni kawaida. Kikikataa kurudi pale kilipoanzia, stendi hiyo si ya kubeba mtu wala mali.

Na gharama isiwe kisingizio. Gereji moja huenda ikaihitaji stendi wiki chache kwa mwaka. Gereji nne au tano za mtaa mmoja zikichanga kwa chama, kama tunavyochangia mambo mengine, kila mtu atakuwa nayo siku yake. Kreni za injini twaazimana tangu zamani. Stendi yafaa iwe hivyo hivyo, na bolti zake zikiwa kwenye mkoba mmoja uliofungwa kwenye nguzo.

Nawe mwenye gari, usiulize tu kazi itakwisha lini. Muulize fundi wako injini yako itawekwa wapi ikishatoka, na ushikwe mkono ukaonyeshwe. Ukiona ni tairi na matofali, zungumza naye kwa upole kabla bolti ya kwanza haijalegezwa. Huenda ukaona ni nafuu kuchangia stendi kuliko kutafuta bloku ya 504.